Makochi Nje, Mikeka Ndani

Dada mmoja alinishika mkono kliniki. Tulikuwa kwenye lile benchi la kusubiri, ambalo nimelikalia mpaka kila msumari wake naujua, na yeye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu wa kushoto umelala, mdomo umekwenda upande kama wangu ulivyokuwa. Aliniona nimeingia kwa miguu yangu, nina fimbo lakini siiegemei sana. Akaniuliza, "Mwenzangu, wewe ulifanyaje?" Sijafungua kinywa wakaita jina langu. Nilipotoka kwa daktari hayupo. Basi haya ninayoandika ndilo jibu lake, na kama wewe unayesoma una mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, au mgonjwa ndiye wewe, vuta mkeka ukae. Sitakusomesha habari za mishipa ya damu. Hizo waulize waliozisomea.

Mimi naitwa Rehema, mkazi wa Usagara hapa Tanga, na kazi yangu ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, khitma, watu wakishazidi mia wananiita mimi. Nilikuwa na mwili, nilikuwa na sauti, na nilikuwa na vidonge vya presha ambavyo nilivimeza siku nikijisikia vibaya na kuviacha siku nikijisikia vizuri. Hapo ndipo nilipojiponza, nasema wazi bila kumung'unya. Vidonge vile havimezwi kwa kujisikia.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Nilikuwa nimesimama juu ya sufuria la pilau, shughuli ya jirani, mwiko ukanidondoka. Nikainama kuuokota, mkono wa kulia hauendi. Nikamwambia mwenzangu anipe ule mwiko, kilichotoka mdomoni hakikuwa maneno. Wanawake wakacheka, maana mimi ni mtu wa mizaha, wakadhani naigiza mlevi. Walicheka mpaka nilipokaa chini kwenye matope na sikuinuka. Pilau lile liliungua. Mpaka leo nikikutana na mwenye shughuli ananiambia amenisamehe, nami namwambia sikumwomba.

Hospitali nililala wiki mbili. Maneno yalirudi kidogo kidogo, lakini upande wa kulia, mkono na mguu, ulibaki kama nimeuazima kwa mtu. Wakaniruhusu nirudi nyumbani kwa sharti la kwenda mazoezi mara mbili kwa wiki.

Daktari wangu wa mazoezi alikuwa msichana wa Kisambaa kutoka Lushoto, jina lake Anna. Mwembamba, mpole, ananiamkia "Shikamoo mama" kisha ananitesa.

"Marahaba mwanangu. Leo unanifanya nini?"

"Leo tunainuka kwenye kiti mara kumi, mama."

"Kumi za nani?"

"Zako, mama."

Chumba chenyewe cha mazoezi usidhani kilikuwa na maajabu. Vyuma viwili vya kushikilia ukitembea katikati, kioo kirefu, ngazi ya mbao ya vipandio vitatu, godoro jembamba chini. Kazi ilikuwa kukifikia. Unaondoka nyumbani alfajiri kwa bajaji, unakaa kwenye benchi mpaka jua limekuwa kali, unafanya mazoezi nusu saa, unarudi umechoka na safari kuliko mazoezi. Siku moja Anna akatuambia, mimi na mume wangu, "Mimi hapa namfundisha tu. Kupona ataponea nyumbani. Akifanya kila siku atatembea, akingoja siku za kliniki tutazeeka wote hapa."

Mume wangu, Baba Saumu, ni fundi baiskeli. Siku ile nilimwona amesimama kwenye vile vyuma anavipima kwa shubiri, anageuza kichwa, anagonga kwa kidole.

"Vyenyewe ndivyo hivi tu?" akauliza.

"Ndivyo hivi, baba," Anna akamjibu.

"Aa. Hivi mbona vinatengenezeka."

Mimi nikaguna. Nilikuwa na mambo mengine moyoni. Niseme lililokuwa likinila, maana ugonjwa wenyewe haukunila kama hilo.

Nina binti mmoja, Saumu. Alikuwa ameshaposwa na kijana wa Kigombe, mwalimu, mtoto wa watu wenye adabu. Barua ya posa imejibiwa, na harusi tulikubaliana iwe mfunguo mosi, Ramadhani ikishakwisha tu. Nilipoanguka, Saumu akaacha kufundisha chekechea akakaa kuniuguza. Ndiye aliyeniogesha, ndiye aliyenipeleka chooni, ndiye aliyenifunga kanga. Mwanamke mwenye kuamrisha masufuria unageuzwa kitandani na mtoto uliyemzaa! Nililia kwa siri, naye alijua nalia, na wote wawili tulijifanya hatujui. Siku moja Baba Saumu akamuuliza habari za harusi. Akajibu huku ananikausha nywele, sauti kavu kabisa.

"Siolewi, baba. Mpaka nimwone mama amekaa chini sakafuni na ameinuka peke yake, bila mtu kumshika. Wewe unashinda kibandani kwako. Mimi nikienda Kigombe, akianguka hapa saa nne asubuhi, nani atamwinua?"

Kuinuka sakafuni! Mimi wakati ule hata kuinuka kwenye kiti nilihitaji watu wawili na bismillahi tatu. Nikajiona nimemfunga mwanangu kamba mguuni, na kamba yenyewe ni mimi.

Na palikuwa na dada yangu, Bi Tatu, anayekaa mtaa wa pili. Bi Tatu alikuja kila siku na alikuwa na sheria moja: mgonjwa alale. Nikitaka kukaa, "Lala." Nikitaka kushika kijiko, ananipokonya, ananilisha uji kama kinda. Nikimwambia Anna kasema nijaribu, anasema, "Anna ni mtoto. Mimi nimeuguza." Kwa mapenzi yake nilinenepa na kulegea kwa pamoja.

Baba Saumu alianza kukusanya vitu vyake kimya kimya. Mabomba mawili marefu aliyapata kwa mchuuzi wa vyuma chakavu, akayachomelea miguu, akayapiga rangi ya bluu iliyobaki kwenye baiskeli ya mtu. Tyubu kuukuu alizikata vipande virefu vya kuvuta. Chupa za maji alizijaza mchanga. Baiskeli moja isiyo na magurudumu aliisimamisha kwenye fremu ya mbao, ukikanyaga pedali unazunguka hapo hapo. Vyote vilikuwa tayari mwezi wa kwanza, joto la kiangazi limeshika kweli kweli, na hapo ndipo tulipogombana.

Chumbani hapakuwa na nafasi. Uani sakafu ni ya mawe, na jua lake ni la kukaushia dagaa. Pakabaki sebule. Na sebuleni kulikuwa na makochi yangu.

Nisikilize vizuri kuhusu makochi haya. Niliyanunua kwa jasho langu, kwa pilau za watu. Yana vitambaa nilivyodarizi mwenyewe, kila mgongo na chake. Wageni wangu wote wameyakalia. Baba Saumu akasema yatoke.

"Yaende wapi?" nikamuuliza.

"Barazani kwanza. Halafu tutaona."

"Na wageni watakaa wapi?"

"Wageni wanakuja kukuona wewe au makochi?"

"Wanakuja kuniona mimi nikiwa kwangu, si nikiwa gereji!"

Siku tatu sikusema naye. Siku ya nne, Saumu alikuwa ananinyanyua kutoka kitandani, nikasikia mgongo wake umelia kah! Aliuma mdomo tu. Baba Saumu aliporudi mchana nikamwambia, "Yatoe."

Ikawa Jumamosi asubuhi. Akaita wanaume wawili wa jirani, wakayatoa makochi yote, meza na kabati la vyombo, wakavipanga nje mbele ya nyumba. Sebule ikafagiwa, ikatandikwa mikeka ukuta kwa ukuta. Mabomba yakawekwa katikati, kioo cha chumbani kikasimamishwa. Mimi nikavalishwa suruali ya Saumu ndani ya dera, nikashikishwa mabomba, Saumu nyuma, baba yake mbele, nikaanza kupiga hatua.

Sasa sisi tulikuwa tumejifungia mle ndani na furaha yetu, hatukufikiri walio nje wanaona nini. Kwetu pwani, ukiona asubuhi makochi yametolewa nje ya nyumba yenye mgonjwa, na mikeka inatandikwa sebuleni, huulizi. Unakwenda kujifunga kanga mbili na kuwaarifu wengine.

Sauti ya kwanza ya kilio niliisikia nikiwa hatua ya tatu.

"Nani kafa?" nikamuuliza Baba Saumu.

"Sijui. Ngoja nikaangalie."

Akatoka. Nje akakuta wanaume wameshaanza kukaa kwenye makochi yangu, wengine wamesimama na kofia zao. Wakampa mkono mmoja mmoja. "Pole sana, mzee." Mtu aliyekuwa anapewa pole tangu vuli, atajibu nini? "Tushapoa," akasema. "Ndiyo mitihani." Mmoja akamsogelea kwa upole, akamuuliza, "Anatoka saa ngapi?"

"Nani, Rehema?" akasema Baba Saumu. "Hatoki leo. Leo ndiyo kwanza anaanza."

Wakatazamana. Wakaona uchungu umempanda kichwani, wakamkalisha kwa nguvu na kumletea maji.

Wanawake hawakungoja maelezo. Waliingia moja kwa moja, na wa mbele yao alikuwa Bi Tatu, kanga imemwanguka kichwani, machozi yanamchuruzika. "Mdogo wangu! Rehema! Umeniacha na nani mie?" Akasukuma pazia, akaniona nimesimama na mabomba yangu.

"Sijakuacha, dada," nikamwambia. "Vua viatu, umekanyaga mkeka."

Loo! Alipiga ukelele, hata kile kilio chake cha mwanzo kikawa cha kitoto. Akajitupa kwenye kochi la pembeni analokalia siku zote. Na kochi, wallahi, halikuwepo. Akatua sakafuni puu, miguu mbele, mkoba hewani. Nikaanza kucheka. Sikuwa nimecheka tangu siku ya pilau. Nilicheka kwa mdomo wangu wa upande, mate yananitoka, Saumu kanikumbatia kwa nyuma nisianguke, naye anacheka mpaka tunatikisika na mabomba yote. Wale wanawake mlangoni waliolia wakacheka huku machozi hayajakauka.

Mama Zarina, Mhindi mwenye duka la kona, alikuwa amefika na mfuko wa sukari na majani ya chai, kama desturi ya msibani. Akasimama katikati ya sebule, mkono kiunoni.

"Sasa mimi nimefunga duka langu, Rehema, na wewe hujafa?"

"Nisamehe, dada yangu."

"Hii sukari narudi nayo?"

"Hiyo sukari iweke hapo hapo. Imeshaingia."

Tukamgeukia Bi Tatu. Bado yuko chini, hacheki. Akajaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu kwa upande mwingine, akashindwa. Akainua mkono ashikwe. Pale ndipo shetani wa utani akanipanda nikasema, "Hapana, asishikwe. Na ainuke mwenyewe, mzima huyo." Akahangaika wee, akaishia kushika bomba langu la bluu. Wanawake wengine wakasema ah, si kazi hiyo, wakakaa chini kujaribu. Nakwambia walikuwa wanawake kumi na kitu mle ndani, wazima wa afya, na nusu yao hawakuweza kuinuka bila kushika ukuta au bega la mwenzake. Mama Zarina aliinuka kwa kupiga magoti na kumwita Mungu kwa lugha zake zote.

"Basi," nikasema, ulimi mzito lakini nikasikika, "mlikuja kunizika. Kabla ya kwenda, kila mtu mara kumi na mimi, kwenye kiti. Kukaa na kuinuka."

Wakafanya. Na mimi nikafanya sita, katikati yao, bila kuona aibu hata chembe. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi wangu walikuja na kanga za msiba na nikapona kwelikweli, au niseme nilianza siku ile.

Adhuhuri ikasimama gari mbele ya nyumba, wakashuka watu wa Kigombe. Habari iliwafikia kwa simu. Mama yake yule kijana, Bi Hadia, alikuwa mbele, macho mekundu, na kapu la samaki wa kuwapikia waombolezaji. Sikuruhusu mtu amweleze. Niliwekwa kwenye kiti mkabala na mlango, na alipoingia nikasema, "Karibu, mkwe. Samaki gani hao?" Maskini Bi Hadia! Ilibidi apepewe. Alipotulia tukawakaanga samaki wake, tukala sote pale kwenye mikeka, msiba ukageuka karamu. Baada ya kula akaniuliza taratibu kuhusu harusi, na Saumu akajibu mwenyewe mbele ya wote maneno yale yale: mpaka mama ainuke sakafuni. Bi Hadia akafikiri, akanawa mikono, akasema, "Basi tumwinue mama. Sisi tutangoja, lakini na nyinyi msilale."

Kuanzia wiki ile, kila aliyekuja kunitazama alitozwa ada. Hukai ukapumzika ukanisimulia mambo ya mtaani. Unavua viatu, unashika tyubu. Watu walipungua? Waliongezeka! Saa nne asubuhi sebule yangu ilijaa madera. Saumu akaona nina walinzi wa kutosha, akarudi kufundisha chekechea yake asubuhi, na nyumba ikapumua.

Niseme kidogo juu ya sebule yenyewe, maana wengi wananiuliza. Huhitaji nyumba kubwa. Hatua sita za kwenda na kurudi zinatosha. Mabomba yafike usawa wa nyonga, si juu zaidi, na yasiyumbe hata mtu mzito akiyaegemea. Kama huna fundi, ukuta na kiti kizito vinafaa kuanzia. Mkeka unateleza, sisi tulikuja kugundua baadaye nikiwa nimeshakaribia kupasuka kichwa, na Baba Saumu akautandikia vipande vya tairi chini. Chupa anza na mchanga robo, kisha ongeza. Kioo usikikwepe. Mimi mwezi mzima niligeuza uso, sikutaka kuuona ule mdomo. Lakini kioo ndicho kitakachokwambia kwamba bega limepanda na wewe unadhani limekaa sawa. Na tyubu usitumie yenye kiraka. Ya kwetu moja iliachia Mama Zarina akiivuta, ikamchapa paja, akafunga duka siku mbili kwa hasira.

Bi Tatu hakuingia kwenye kundi. Alikaa mlangoni amenuna, anachambua mchele, kila nikitoka jasho anasema, "Mtamuua." Mwisho nikachoka nikamjibu vibaya mbele za watu, nikamwambia anapenda niwe mgonjwa ili apate wa kumtawala. Akaondoka bila kuaga. Alirudi siku ya pili tuko wawili tu. Akakaa kwenye mkeka, taratibu, ameshika bomba.

"Mama yetu alilala miaka minne," akasema. "Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimwogesha. Kila mtu alisema mlaze apumzike. Hakuna aliyeniambia kuna kumwinua. Sasa nikikuona wewe unainuka, najiuliza, Rehema. Najiuliza kila siku."

Nikamshika mkono kwa mkono wangu wa kushoto, tukalia, na safari hii hatukufichana. Kisha akajifuta, akasema, "Haya. Mnafanya kumi kumi za nini? Niachie mimi nihesabu." Na hesabu yake, mwenzangu, ilikuwa ya dhuluma. Kutoka saba alikuwa anarudi tano.

Ramadhani ikaingia na kutoka. Mfunguo mosi ukapita bila harusi, na siku ile iliyokuwa iwe ya nikahi Saumu alifua nguo zote za nyumbani kutwa nzima, hata zilizo safi. Masika yakaja. Mguu ulikuwa umeanza kutii. Kliniki Anna alinipunguzia, nikawa naenda mara moja kwa wiki mbili. Vidole vya mkono vilifunguka kimoja kimoja, cha gumba mwisho. Lakini sakafuni, patupu. Nilijua njia yake, Anna alinifundisha: jigeuze ubavu, egemea kiwiko, piga magoti, leta mguu mmoja mbele, sukuma. Nilifika kwenye magoti, na wa kushoto ulipotakiwa kuja mbele, wa kulia ulikataa kunibeba.

Hapo nikafanya ujinga. Nilikuwa nimekwisha choka kumwona mwanangu anasubiri. Tukapanga njama, mimi na Bi Tatu: nitajifunga kanga kiunoni ndani ya dera, ncha itokee nyuma, naye atasimama kama anayeshangilia, avute. Tukaita Saumu aje aone. Nikakaa chini, nikageuka, nikapiga magoti, Bi Tatu akavuta. Nikainuka kama mwali anayetolewa ndani! Wanawake wakapiga vigelegele. Saumu hakupiga. Alizunguka nyuma yangu, akaiona ile ncha ya kanga mkononi mwa mama yake mkubwa.

"Mama. Unanidanganya mimi?"

"Nataka uolewe, mwanangu."

"Na mimi nataka nikienda nilale usingizi."

Akaenda zake jikoni. Bi Tatu akanong'ona kwamba nilikuwa mzito, kanga ingekatika hata hivyo. Siku ile aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya kuogeshwa. Asubuhi iliyofuata nilianza upya, na yale magoti nikayapiga mara ishirini kila siku, sitaki sifa, sitaki vigelegele.

Msimu wa machungwa ukafika. Kila mgeni anatoka Muheza na kiroba, nyumba inanuka maganda. Asubuhi moja Bi Tatu alikuwa ameenda sokoni, Saumu yuko chekechea, Baba Saumu kibandani kwake, na wenzangu siku hiyo wamechelewa. Nikainuka kwenda kupanga chupa zangu. Chungwa lilikuwa limeviringika sakafuni, sikuliona. Nikalikanyaga.

Nilianguka kwa ubavu wa kulia. Nikajipapasa. Hakuna kilichovunjika. Nikaita mara moja, "Jamani!" Hakuna mtu. Hofu ilinijia, sitakuficha, ile hofu ya Saumu yenyewe: saa nne asubuhi, sakafuni, peke yangu. Nikasoma nilichojaliwa kusoma. Kisha nikasikia nimesema kwa sauti, "Rehema, kiwiko." Nikaegemea kiwiko. "Rehema, magoti." Nikapiga magoti. Yale mabomba yalikuwa mbali, sikuyafikia. "Mguu." Mguu wa kushoto ukaja mbele. Nikasukuma kwa mguu wa kulia, ule wa kuazima, ukatetemeka, ukatetemeka, na ukanyooka.

Nikawa nimesimama katikati ya sebule yangu, sijashika kitu. Hakuna hata mtu mmoja wa kunishuhudia! Miezi yote ile nyumba imejaa watu, siku yenyewe niko na machungwa.

Saumu aliporudi nikampokea mlangoni. "Nimeanguka," nikamwambia. Rangi ikambadilika. "Na nimeinuka. Mwenyewe."

Akanitazama, akazunguka nyuma yangu kutafuta kanga. Haki yake. Nikashuka chini, polepole, nikakaa kabisa kitako kwenye mkeka, nikamwambia asimame mbali, pale ukutani. Kisha nikafanya tena. Ilinichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza na jasho lilinitoka mpaka machoni, lakini niliinuka, nikasimama mbele yake.

Nilidhani atarukaruka. Badala yake Saumu akaporomoka pale pale ukutani, akakaa chini, akajifunika uso na mtandio akalia kilio cha kitoto.

"Nini tena, mwanangu? Si ndicho ulichotaka?"

"Ndicho," akasema ndani ya mtandio. "Nilikuwa nasema ni kwa ajili yako. Kumbe na mimi naogopa, mama. Sijawahi kukaa bila wewe. Sasa sina kisingizio."

Jamani. Miezi minane nilijiona kamba mguuni kwake, kumbe naye alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Nikacheka, na machozi yananitoka, nikampa mkono. Wa kulia ndio uliotangulia, sikuutuma.

"Inuka," nikamwambia.

Akautazama ule mkono. Akaushika kwa woga, kama anayeogopa kuuvunja. Nikabana vidole vyote vitano, nikaegemea nyuma kama Anna alivyonifundisha, nikamvuta. Akaja juu, mzima mzima, mtoto wangu wa miaka ishirini na sita, mpaka tukasimama macho kwa macho.

"Haya," nikamwambia. "Kawapigie simu Kigombe."